Kabla ya Kuchangia Kipimo cha Mto

Baada ya mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024, vikundi vya kando ya Tana vina sababu ya kutaka kipimo cha mto: kidude kinachofungwa juu ya maji, kinapima kina na kutuma habari kwa simu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, wamejaribu vidude vya namna hii mitoni.

Kidude hicho, kumbe, ni kompyuta ndogo. Ndani yake mna mfumo endeshi, yaani programu inayoamua lini kupima, lini kutuma na lini kulala ili betri isiishe. Mifumo mingine ni siri ya kampuni. Kampuni ikifunga, mnabaki na kopo tupu. Mingine ni huria: maandishi yake yako wazi, na fundi yeyote anaruhusiwa kuyasoma na kuyarekebisha bila malipo.

Lakini huria nazo si sawa. Linux inajulikana na mafundi wengi, ila inataka kumbukumbu ya megabaiti kadhaa na umeme wa kutosha. Inafaa kwa kisanduku cha intaneti cha shule. Kwa kidude cha betri kilicho peke yake mtoni, ni kukodi lori kubeba debe moja la mchele. Hapo ulizieni FreeRTOS, iliyoanza 2003, au Zephyr ya 2016. Hizi hutoshea katika kilobaiti chache tu.

Sasa sikilizeni vizuri. Leseni ya FreeRTOS inamruhusu mtengenezaji kuweka programu yake juu ya ile huria, kisha aifunge. Kwa hiyo muuzaji akisema "hii ni huria", bado hajajibu. Mwambieni awape maandishi ya programu nzima na namna ya kuiingiza upya, na iandikwe kwenye mkataba kabla pesa hazijatoka.

Ulizeni pia nani anautunza mfumo wenyewe. Mwaka 2024 kampuni ya Arm ilitangaza kwamba ingeacha kuutunza mfumo wake, Mbed, Julai 2026. Kwa kuwa maandishi yalikuwa wazi, watu wa kujitolea waliweza kuuendeleza. Ungekuwa wa siri, wenye vidude wangekwama.

Na ule mti wenu wenye alama za rangi msiung'oe. Kidude kikinyamaza usiku, mtu wa zamu achukue tochi aende akausome.