Israfu ya Tishu na Kitambaa Tulichokisahau

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba wake.

Ndugu Waislamu, ipo israfu inayoingia majumbani bila kubisha hodi. Mchuzi ukimwagika, tishu tano. Watoto wakitawadha, tishu nyingine. Mgeni akimaliza kula, nusu bunda. Karatasi hutumika kwa nukta chache, kisha huishia jaani, na fedha ya matumizi hununua bunda jingine.

Mwenyezi Mungu amekataza israfu katika Suratul A'raf, aya ya 31, na katika Suratul Israa, aya ya 27, amewahesabu wabadhirifu kuwa ndugu wa mashetani. Mtume (S.A.W.) alitosheka kutawadha kwa maji ya mudi moja, yaani kiasi cha kujaza viganja viwili vilivyounganishwa. Ikiwa katika ibada maji yalipimwa, vipi karatasi zisipimwe?

Sahaba Jabir bin Abdillah (R.A.) amesimulia, katika Sahihi Bukhari, kuwa zama za Mtume hawakuwa na vitambaa vya kufutia baada ya kula, isipokuwa viganja, mikono na miguu yao. Naye Bibi Maimuna (R.A.) ameeleza kwamba alimpa Mtume kitambaa baada ya kukoga janaba, asikichukue. Kwa hadithi hiyo, wanavyuoni wa Kishafii wamesema ni bora kuacha kujifuta baada ya udhu pasipo na haja, kama vile baridi. Basi ikiwa kujifuta kwenyewe si lazima, sembuse kujifuta kwa kitu cha kutupa?

Atasema msemaji: kitambaa hubeba najisi, tishu ni safi zaidi. Tutofautishe. Mchuzi, mafuta na vumbi ni uchafu, si najisi. Damu na mkojo ndivyo najisi, na kitambaa kilichoingia najisi hutoharika kwa kuoshwa. Katika madhehebu yetu ya Shafii, maji machache yasiyofika kulatein hunajisika yakiingiwa na najisi. Kwa hiyo, ondoa kwanza najisi yenyewe, weka kitambaa katika beseni tupu, kisha kimiminie maji. Usikitumbukize katika maji machache.

Familia na ichukue khanga au shuka kuukuu, ikate vipande, ivipinde kingo. Vya mikono viwe mbali na vya vyombo, na vya sakafuni mbali na vyote. Vifuliwe kwa sabuni na maji ya moto, vianikwe juani vikauke kabisa, kwani kitambaa kinachokaa kibichi huzalisha vijidudu. Kukiwa na mgonjwa wa macho, awe na chake peke yake. Tishu nayo ibakie mahali pake: kwa damu, kwa mgonjwa, na kwa mwenye haja nayo chooni.

Hapa lipo jambo zito kuliko bei ya tishu. Baba akiamuru kuanzia leo vitambaa, halafu beseni la kufulia akamwachia mkewe peke yake, huyo hakuondoa gharama. Ameihamisha kutoka mfukoni mwake kwenda mgongoni kwa mama. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Basi kila mmoja akifue alichokichafua: baba chake, kijana chake, binti chake. Mtoto mdogo aanike na kukunja. Hayo ni malezi, na ndiyo yatakayoudumisha utaratibu huu.

Wala tusiseme hatuwezi. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania, nasi tukakirudia kikapu cha bibi zetu. Hilo lilihitaji amri ya serikali. Hili la kitambaa, lililo ndani ya milango yetu, latosha kwake amri ya Mola wetu.

Tumuombe Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kushukuru neema zake kwa kuzitumia kwa kiasi, na kusaidiana katika wema majumbani mwetu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.