Chai Nyeusi na Harufu ya Mayai Viza: Jinsi ya Kuondoa Gesi Katika Maji ya Kisima

Maji yatokayo chini sana ardhini husifiwa kuwa ni safi, na kwa kawaida sifa hiyo ni ya haki, kwa kuwa mchanga na udongo huyachuja. Lakini katika sehemu nyingi za Uganda na nchi jirani kuna malalamiko ambayo kila mama wa nyumbani aishiye karibu na kisima cha pampu ya mkono anayafahamu. Maji hutoka yakiwa maangavu, na baada ya muda mtungini hugeuka rangi ya kutu. Chai huwa nyeusi kama wino hata ikitiwa majani machache. Sare nyeupe ya askari wa barabarani hutoka katika kufuliwa ikiwa na madoa ya manjano. Pengine maji hunuka kama mayai viza, na watoto huyakataa.

Hapo ndipo jamaa huiacha pampu na kurudi kwenye chemchemi ya bondeni, mahali ambapo ng'ombe hunywa na mvua huteremsha uchafu wa vyoo. Maji ya bondeni ni matamu kinywani, nayo ndiyo yaletayo homa ya matumbo na kipindupindu. Kwa sababu hiyo hatuwezi kuliona jambo hili la gesi kuwa ni la wachaguzi wa ladha tu. Nyumba inayojua kuyatengeneza maji ya kisima chake haina haja ya kuteremka bondeni.

Maji yote yana hewa iliyoyeyuka ndani yake, na samaki huishi kwa hewa hiyo. Mwaka 1803 mwanasayansi wa Uingereza, William Henry, alionyesha kwamba kadiri gesi inavyokandamizwa juu ya maji, ndivyo inavyozidi kuyeyuka humo. Chupa ya soda ni ushahidi wa kutosha: kizibo kikiwa kimefungwa hatuoni kitu, kikifunguliwa gesi hutoka kwa povu. Maji ya mvua yanaposhuka ardhini hupita penye mizizi na majani yanayooza, na huko huchukua kaboni dayoksaidi, gesi ile ile iliyomo katika soda. Maji yaliyokaa wazi hewani hubakiwa na kiasi cha nusu miligramu tu ya gesi hiyo katika kila lita, au kuzidi kidogo. Maji ya kisima huweza kuwa na makumi ya miligramu.

Gesi hiyo haina harufu, wala kiasi hicho hakimdhuru anywaye. Kosa lake ni kwamba huyatia maji uchachu, na maji yenye uchachu hula chuma. Kwanza huondoa zinki iliyopakwa juu ya bomba, kisha huanza kulila bomba lenyewe. Mtaalamu Otto Langenegger, katika taarifa yake iliyochapishwa mwaka 1994 kuhusu pampu za mkono barani Afrika, alieleza kwamba uchachu unapofika chini ya 6.5 katika kipimo cha pH, zinki haiwezi tena kulilinda bomba. Pampu iitwayo U2 hapa Uganda, ambayo ni ya asili ya India, kwa kawaida ilifungwa na mabomba ya namna hiyo. Basi mara nyingi kutu inayolaumiwa kuwa ni ya ardhi ni ya bomba letu wenyewe.

Kuna njia rahisi ya kutambua. Asubuhi na mapema, kabla ya mtu yeyote kupiga pampu, jaza chombo cha kwanza na ukiweke kando. Watu wakiisha kuteka kwa saa moja au zaidi, jaza chombo cha pili. Viache vyote viwili vitulie hadi jioni. Ikiwa cha kwanza ni chekundu sana na cha pili kina nafuu kubwa, chuma kinatoka katika bomba, na dawa ya kudumu ni kubadilisha mabomba na kuweka ya plastiki au ya chuma kisichoshika kutu. Ikiwa vyote ni vyekundu sawasawa, chuma kimo katika miamba, na bomba jipya halitasaidia neno. Kamati ya kisima, au mkuu wa kambi, afanye jaribio hilo kabla ya kutoa shilingi moja kwa fundi.

Sasa tuje kwenye dawa ya nyumbani, nayo ni hewa. Maji yakigawanywa kuwa matone madogo na kuanguka, kaboni dayoksaidi hutoka na oksijeni huingia. Uchachu unapopungua, chuma kilichojificha ndani ya maji huigeukia oksijeni kwa haraka zaidi na kuwa chembe za kutu zinazoweza kutua chini au kuchujwa. Ndiyo maana gesi huondolewa kwanza na kutu baadaye. Anayechuja maji mara tu yatokapo pampuni huona yamepita yakiwa maangavu, kisha yakabadilika rangi mtungini.

Kwa jamaa ndogo, yatosha kulijaza jerikani sehemu mbili tu kati ya tatu, kulitikisa kwa nguvu muda wa dakika tano huku kizibo kikifunguliwa mara kwa mara, na kuliacha litulie nusu saa au zaidi. Mwingine atapenda kuyamimina maji kutoka chombo hadi chombo, mkono mmoja ukiwa juu, kama wauza chai wanavyoipoza chai. Kazi hiyo huchosha mikono, lakini haigharimu kitu.

Kwa nyumba kubwa au safu ya nyumba za askari, inafaa kujenga mnara wa madebe. Chukua madebe matatu, utoboe vitako vyake kwa msumari mwembamba, matundu yaachane kiasi cha upana wa vidole viwili. Yapange kwenye fremu ya mbao, moja juu ya jingine, na kati yake pawe na nafasi ya futi moja ili maji yaanguke kama manyunyu. Debe la juu liwe tupu; la pili na la tatu yatiwe kokoto zilizooshwa au makaa makubwa, yapate kuyatawanya maji. Chini kabisa liwekwe pipa lenye bomba dogo lililofungwa shubiri moja juu ya kitako. Maji yatulie humo usiku kucha; yanayotoka bombani asubuhi yatakuwa yameacha kutu chini. Ukiyapitisha tena katika mchanga safi yatakuwa bora zaidi. Kokoto zikishika wekundu mwingi zioshwe, na mnara mzima uzungushiwe wavu wa mbu, kwani chombo kilichokusudiwa kuingiza hewa huingiza pia inzi na vumbi. Hakuna haja ya kuuleta mtambo huu kutoka ng'ambo. Fundi wa bati aliye sokoni huumaliza kwa siku moja.

Ile harufu ya mayai viza ni ya gesi nyingine, haidrojeni salfaidi. Pua ya mwanadamu huitambua hata ikiwa chini ya sehemu moja ya kumi ya miligramu katika lita. Nayo huondoka kwa manyunyu yale yale, lakini mnara uwe nje, kamwe usiwe ndani ya chumba kilichofungwa. Tena, pua isiaminiwe sana: gesi hii ikizidi hewani huua uwezo wa kunusa, na mtu hudhani imekwisha. Kama harufu iko katika tangi lakini haiko katika maji yatokayo kisimani, tangi ndilo lenye vijidudu vinavyoitengeneza, lisuguliwe na kuoshwa kwa dawa ya klorini. Na kama kisima kisichokuwa na harufu kimeanza kunuka ghafula, ni lazima maji yapimwe, kwa maana huenda uchafu wa choo umekifikia.

Hapa hatuna budi kuwaonya wachimba visima na vijana wa kambini wanaotumwa kusafisha visima vya mikono. Kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, hulala chini ya shimo bila kuonekana. Ikifika sehemu 10 katika 100 za hewa, mtu huzimia upesi. Watu wa Goma wanaijua vema. Huiita mazuku pale inapotuama mabondeni na kuua mifugo na watoto. Ziwa Kivu, kati ya Kongo na Rwanda, limebeba gesi hiyo nyingi mno pamoja na methani katika kina chake. Katika ziwa Nyos nchini Kameruni, tarehe 21 Agosti 1986, gesi iliyokuwa imeyeyuka majini ililipuka juu usiku na kuua watu wapatao 1,700. Shimo la futi 30 ni dogo mbele ya ziwa, lakini kanuni ni moja.

Wazee walikuwa wakiteremsha taa, ikizimika hawashuki. Jaribio hilo si salama penye methani, ambayo hulipuka, wala halionyeshi gesi zote. Anayeshuka na afungwe kamba kifuani, na watu wawili wabaki juu wakiishika. Akianguka, avutwe, mwenzake asimfuate. Injini ya pampu nayo isiwashwe ndani ya kisima, kwani moshi wake una sumu.

Imebaki gesi moja ambayo hatupendi iondolewe kwa haraka, nayo ni klorini. Wengi huanika maji ya dawa juani mpaka harufu iishe kabisa, kisha huyaweka siku tatu. Kiasi cha miligramu 0.2 hadi 0.5 kinachobaki katika lita ndicho kinachoyalinda maji mtungini. Dawa hiyo itiwe mwisho, baada ya hewa na kuchuja, kwa sababu chuma na ile gesi ya mayai viza huila yote kama vikiwamo. Kumbuka kwamba manyunyu hayaui vijidudu, wala hayaondoi chumvi. Asiye na klorini na achemshe. Maji yaliyochemshwa yakionekana yamepooza ladha, ni kwa kuwa hewa imetoka. Yamiminwe mara chache katika chombo safi chenye kifuniko, nayo yatarudiwa na utamu wake.