Ridhaa na Deiwaka: Mpiga Ngoma Mwenye Kazi Nyingine na Msamiati Wake

1. Utangulizi

Katika maandishi ya kitaaluma kuhusu muziki wa Waswahili, mtunzi na mwimbaji ndio waliopewa nafasi kubwa. Jambo hili halishangazi, kwa kuwa wengi wanaoandika ni wanafunzi wa lugha na fasihi, na kile wanachokitafuta kwanza ni maneno. Mpiga ngoma hukaa nyuma ya jukwaa, haimbi, na aghalabu jina lake halitajwi redioni wimbo unapotangazwa. Fauka ya hayo, wapiga ngoma wengi wa Afrika Mashariki hawaishi kwa ngoma peke yake. Mchana ni maseremala, makarani, walimu, wavuvi au wachuuzi. Jioni huenda mazoezini, na mwisho wa wiki hupanda jukwaani.

Mhadhara huu unamchunguza mtu huyo, hususan katika miji ya Dar es Salaam na Zanzibar, kwa kuyatazama maneno anayoitwa na maneno anayoyatumia. Hoja inayojengwa ni kwamba Kiswahili kina namna mbili za kumtaja mwanamuziki asiyeishi kwa muziki tu, yaani mwanamuziki wa ridhaa na deiwaka. Maneno hayo mawili hayataji hali moja. Kila moja linabeba mfumo wake wa kujifunza, wa kulipana na wa kuheshimiana.

2. Ngoma na Mpigaji Wake

Neno ngoma ni la kale katika lugha za Kibantu. Katika Kinyarwanda, kwa mfano, ingoma ni chombo kinachopigwa na pia ni utawala wa mfalme. Katika Kiswahili, ngoma ni chombo, ni uchezaji unaoandamana na chombo hicho, na ni shughuli nzima inayowakusanya watu. Mtu akisema "leo kuna ngoma", hajataja kifaa chochote, bali amewaalika watu. Katika mazungumzo ya vijana wa leo, ngoma ni pia wimbo uliorekodiwa, hata kama haukupigwa ngoma yoyote ya ngozi.

Kamusi za Kiswahili za karne ya 20 zimesajili majina mengi ya ngoma zenyewe: chapuo, vumi, msondo, kumbwaya, tari na nyinginezo. Zimesajili pia mkwiro, yaani kijiti cha kupigia, na kitenzi kuwamba, yaani kuivuta ngozi mpaka ikaze. Methali isemayo kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake imetokana na kazi hiyo ya mikono, ingawa wengi wanaoitumia leo hawajapata kuwamba ngoma. Ngozi hulegea kwa unyevu, na kwa sababu hiyo ngoma huanikwa juani au hukangwa kwenye moto kabla ya kupigwa. Mpigaji asiyejua ngozi inapofikia kiwango chake ataharibu mahadhi kabla hajaanza, au ataipasua ngoma yenyewe.

Sarufi nayo ina la kusema. Kiswahili kina mpiga ngoma na kina mpigaji. Umbo la kwanza huunganisha kitenzi na yambwa yake, na linaweza kumtaja hata mtu aliyeshika ngoma mara moja arusini. Umbo la pili, lenye kiambishi tamati -ji, huelekea kumtaja mtu aliyefanya tendo hilo kuwa mazoea yake. Hapo mazoezi yamo ndani ya neno lenyewe. Juu ya mpigaji yupo fundi, na katika ngoma za jadi yupo manju, ambaye huongoza wengine. Hakuna hata moja kati ya majina hayo linalouliza kama mtu analipwa. Linaloulizwa ni kama anajua.

Mfano mzuri ni marehemu Fatuma binti Baraka, aliyefahamika kwa jina la Bi Kidude na kufariki dunia mwezi wa Aprili mwaka 2013. Sifa yake ya kimataifa ilitokana na uimbaji wa taarab, lakini Zanzibar alijulikana vilevile kwa ngoma ya unyago, akiipiga ngoma aliyoifunga kiunoni. Pamoja na hayo alijipatia riziki kwa hina na dawa za miti shamba. Kwa kipimo cha ajira, alikuwa mpiga ngoma mwenye kazi nyingine. Kwa kipimo cha ujuzi, hakuna aliyethubutu kumwita mwanafunzi.

3. Kutoka Beni hadi Bendi

Kiingereza kilitoa neno moja, nalo likaingia katika Kiswahili mara mbili. Mara ya kwanza lilizaa beni, ngoma ya kuigiza gwaride la kijeshi, iliyoanza katika pwani ya Kenya miaka ya 1890 na kuenea Tanganyika kupitia vyama vya ushindani kama Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger aliichambua kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1975. Mara ya pili neno hilohilo lilizaa bendi, kundi lenye magitaa, tarumbeta na dramu. Maumbo mawili ya asili moja yamegawana kazi: beni imebaki na mitaa na maandamano ya arusi, bendi imechukua ukumbi na jukwaa.

Mpigaji wa beni hakuajiriwa kupiga. Alikuwa mwanachama wa chama, mwenye cheo chake, na kesho yake alirudi bandarini, ofisini au shambani. Bendi za kwanza za dansi zilirithi mpango huo. Dar es Salaam Jazz Band iliyoanzishwa mwaka 1932, na nyingine zilizofuata mijini, zilikuwa klabu. Vyombo vilikuwa mali ya klabu, na wapigaji walikuwa wanachama wenye kazi zao. Katika taarab hali ilikuwa hiyohiyo: Akhwani Safaa, iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, na Culture Musical Club, iliyoanzishwa mwaka 1958, zilijengwa juu ya wanachama waliokusanyika jioni baada ya shughuli za mchana.

Mabadiliko makubwa yalitokea Tanzania Bara mwaka 1964, pale NUTA Jazz Band ilipoanzishwa chini ya jumuiya ya wafanyakazi na wanamuziki wake wakawa waajiriwa wenye mshahara. Mashirika mengine ya umma, viwanda na vikosi vya ulinzi vilifuata mfano huo. Kwa mara ya kwanza mpiga dramu angeweza kuitwa mfanyakazi kwa sababu ya dramu. Hata hivyo, kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 uchumi ulipolegezwa na mashirika mengi ya umma yakadhoofika au kuuzwa, ufadhili huo ulipungua. Mwanamuziki alirudi kutafuta kazi ya pili, lakini mara nyingi hakuikuta tena klabu aliyoiacha mzazi wake. Katika pengo hilo neno jipya lilipata nafasi.

4. Siku Moja na Mazoezi Yake

Kabla ya kulijadili neno hilo, yafaa kueleza kazi yenyewe. Mpiga dramu mwenye ajira ya mchana ana tatizo ambalo mpiga gitaa hana. Gitaa huingia chumbani na hupigwa kwa sauti ya chini. Dramu haziingii katika chumba cha kupanga, na zikiingia majirani hawatavumilia. Isitoshe, mara nyingi si zake: ni sehemu ya vyombo, na vyombo ni vya klabu au vya tajiri anayeitwa mwenye vyombo. Kwa hiyo mazoezi yake ya peke yake hufanyika bila ngoma. Hupiga magotini, mezani au juu ya mto, akiufundisha mkono wa kulia kushika mapigo yasiyobadilika huku mkono wa kushoto ukiingia katikati yake na miguu ikitenda kazi nyingine mbili.

Ugumu wake unatokana na muundo wa midundo yenyewe. Katika ngoma nyingi za Pwani, mapigo sita ya mzunguko mmoja huweza kugawanywa mara mbili kwa matatu, au mara tatu kwa mawili, na migawanyo hiyo miwili husikika kwa pamoja. Ngoma moja hushikilia mgawanyo mmoja, nyingine hushikilia wa pili, na ngoma inayoongoza huzungumza juu ya zote mbili. Ngoma za jadi huigawa kazi hiyo kwa watu watatu au zaidi. Mpiga dramu wa bendi huifanya peke yake kwa viungo vinne, akisaidiwa na mpiga tumba. Ndiyo maana wapigaji wengi waliolelewa katika ngoma za mtaani hawaoni dramu kuwa chombo kigeni. Wanaziona ni ngoma kadhaa zilizokabidhiwa mtu mmoja.

Katika wimbo wa dansi wa Tanzania jukumu hilo huonekana zaidi pale wimbo unapogeuka. Sehemu ya kwanza huenda taratibu, maneno yakasikika. Sehemu ya pili, wanamuziki wanayoiita chemko, ndiyo inayowainua wachezaji. Sitiari ni ya jikoni: chungu kilichokuwa motoni sasa kimechemka. Anayetoa ishara ya kuingia chemko mara nyingi ni mpiga dramu, kwa mapigo ya haraka yanayosikika juu ya vyombo vingine. Akiwahi, anamkata mwimbaji. Akichelewa, magitaa hutangulia na wachezaji hujikwaa. Ishara hiyo haimo katika maandishi yoyote. Imo katika mazoea ya watu waliokaa pamoja jioni nyingi.

5. Ridhaa na Deiwaka

Neno ridhaa lina asili ya Kiarabu na maana ya kukubali kwa moyo. Katika michezo na sanaa, mtu wa ridhaa ni yule anayeshiriki bila kuajiriwa. Neno hili halimpunguzii mtu ujuzi. Linataja tu kile kilichomleta, yaani hiari yake. Mpigaji wa ridhaa ana klabu, ana siku za mazoezi, na ana sauti katika mkutano. Akikosa mazoezi huulizwa, akifiwa huzikiwa. Kinachopatikana baada ya shughuli huitwa posho au mgawo, majina yanayokiri kwamba si ujira.

Deiwaka ni neno la njia nyingine. Limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mfanyakazi wa siku. Sauti zake zimefuata kanuni za Kiswahili: silabi zote ni wazi, na mwisho umechukua irabu a. Upatanisho wa kisarufi ni wa viumbe hai: deiwaka amekuja, madeiwaka wamekuja. Jijini Dar es Salaam neno hili hutumika sana kwa dereva au kondakta wa daladala anayeshika gari kwa muda wakati mwenyewe amepumzika. Kutoka barabarani limeingia jukwaani. Mpiga dramu deiwaka huitwa kwa simu kuziba nafasi ya mwenzake, hupiga, hulipwa usiku uleule, na huondoka.

Ingekuwa kosa kumdharau. Deiwaka mzuri hana budi kujua nyimbo za bendi nyingi, kusoma mabega ya mpiga besi aliyekutana naye saa moja iliyopita, na kuingia chemko pasipo mazoezi. Tena hulipwa kwa mapatano ya wazi, jambo ambalo wanamuziki wengi wa klabu hawakulipata. Mwenye watoto wa kusomesha hawezi kulaumiwa kwa kuipenda fedha ya usiku uleule kuliko mgawo wa mwisho wa mwezi.

6. Kinachopotea na Kinachobaki

Hata hivyo, kuna jambo ambalo deiwaka, kwa nafasi yake, hawezi kulihifadhi. Bendi za dansi za Tanzania zilitambulikana kwa mitindo: NUTA na warithi wake kwa msondo, Western Jazz kwa saboso, Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1978, kwa sikinde. Msondo na sikinde ni majina yaliyochukuliwa kutoka ngoma za jadi, ishara kwamba bendi zenyewe zilitambua mahali zilipochota. Mtindo si mali ya mtu mmoja. Hukaa katika makubaliano ya kikundi, na makubaliano hayo hutengenezwa mazoezini. Bendi ikipigiwa na deiwaka tofauti kila wiki, nyimbo zitabaki, lakini zitapigwa kwa namna ambayo kila deiwaka anaweza kuimudu, na tofauti kati ya bendi na bendi itafifia.

Mashine nayo imeingia. Kuanzia miaka ya 1990, taarab ya kisasa imetegemea sana kinanda cha umeme chenye midundo iliyotayarishwa, na katika shughuli nyingi dumbaki na tari hazihitajiki tena. Kinanda hakidai posho wala hakichelewi daladala. Lakini hakimsubiri mwimbaji anayetaka kurudia ubeti kwa sababu bibi arusi amesimama.

Upo pia upande wa matumaini. Dhow Countries Music Academy, iliyofunguliwa Zanzibar mwaka 2002, imefundisha ala za Pwani kwa vijana wengi. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni mwaka 2007, kimeendelea kufunza ngoma za jadi. Tausi Women's Taarab, kikundi kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 2009, kimewaweka wanawake kwenye ala zote, ngoma zikiwemo, jambo ambalo katika taarab ya ukumbini halikuwa la kawaida.

7. Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba msamiati wa mpiga ngoma mwenye kazi nyingine ni hazina ya isimu na pia ni ushahidi wa historia ya jamii. Mpigaji, fundi na manju humpima mtu kwa ujuzi. Mwanamuziki wa ridhaa humtaja kwa uanachama. Deiwaka humtaja kwa saa alizofanya kazi. Msemaji anapochagua moja ya maneno hayo, anachagua pia swali la kumuuliza mpigaji: unajua nini, wewe ni wa klabu gani, au leo uko huru?

Kwa watafiti chipukizi, kazi iliyo mbele iko wazi. Majina ya ngoma zenyewe yamesajiliwa vya kutosha. Kilichobaki vinywani ni lugha ya mazoezi: maneno ya kumwelekeza mwenzako apunguze, aongeze, asubiri au aingie, na majina ambayo kila kikundi kimeyapa mapigo yake. Lugha hiyo haipatikani kwenye kanda, kwa sababu katika kurekodi hunyamazishwa. Anayeitaka hana budi kukaa klabuni jioni, daftari mkononi, wakati wapigaji wametoka kazini na ngoma bado zinakangwa.