Feni ya Motakaa Ipigayo Kelele

Motakaa itokayo Mombo kwenda Kwai hupanda kwa njia ya Soni na Lushoto. Huenda polepole huku injini ikifanya kazi nyingi, hata upepo wa njiani hautoshi kuipoza. Hapo feni ndiyo ivutayo hewa ipite katika rejeta na kuyapoza maji. Feni ikishindwa, maji huchemka, na injini yaweza kufa papo hapo konani.

Basi dereva akisikia kelele, husimama mahali pa salama, huzima injini, na kukumbuka sauti ilikuwa ya namna gani. Mlio mkali unaozidi akikanyaga mafuta mara nyingi ni wa mkanda uliolegea. Hukazwa, na ukiwa na nyufa hubadilishwa. Sauti ya kukwaruza huonyesha kwamba panga la feni linagusa kava yake, au kijiti kimenasa.

Lakini usitie mkono upesi! Katika motakaa nyingi za siku hizi feni huzungushwa kwa umeme, nayo yaweza kuanza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa. Ngoja ipoe, ufungue waya wa betri. Kisha itikise feni: ikichezacheza, beringi imekwisha, wala grisi haitaiponya. Na panga lililopasuka lisinyoshwe kwa nyundo, kwa maana laweza kukatika na kuruka kwa nguvu nyingi. Hubadilishwa feni nzima, hata kama nyingine haipatikani ila Tanga.