Ndoa Zetu: Kutoka Neno la Wazee Mpaka Cheti cha Serikali



Vijana huniuliza kwa nini babu na bibi zao hawana cheti cha ndoa. Wengine hudhani ni uzembe wa wazee. Sivyo, na napenda kueleza kwa ufupi jinsi ndoa yetu ilivyobadilika katika umri wa mtu mmoja.

Nilipokuwa mdogo Tabora, posa ilipelekwa na wazee. Kabla ya kutoa jibu, watu wa mwanamke waliulizia: kijana huyu ni mtoto wa nani, anaswali, ana kazi, anadaiwa? Wakiridhika, yalizungumzwa mahari, kilemba cha baba na mkaja wa mama. Siku ya ndoa walii aliozesha mbele ya mashahidi wawili, mwalimu akasoma khutba, watu wakala pilau. Kidini ndoa ilikwisha timia. Karatasi ya nini, na mtaa mzima ulikuwa shahidi?

Mimi nilisomeshwa shule ya misheni, na huko ndiko nilikoona ndoa ikiandikwa. Padri alitangaza majina ya wachumba Jumapili tatu, ili mwenye kujua kizuizi aseme. Baada ya ndoa aliandika katika daftari kubwa majina, wazazi, mashahidi na tarehe. Nilidhani hayo ni ya Wakristo peke yao. Baadaye nikakumbuka kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandika deni. Na mahari ya baadaye ni nini kama si deni?

Tulipohama ndipo tulipoona tofauti. Mtaa haukuhama pamoja nasi. Shangazi yangu alifiwa na mume akiwa huku Ghuba, na ofisi moja ikamtaka alete cheti cha ndoa ili apate haki yake. Aliolewa bara, siku za Mwingereza. Mwalimu aliyemwozesha alikwisha fariki, na mashahidi wote wawili pia. Kwa miaka mitatu nilimwandikia barua, maana ukarani ndio kazi yangu. Mwisho alipatikana mzee mmoja aliyehudhuria, akala kiapo. Tarehe aliisahau, lakini rangi ya mbuzi aliyechinjwa aliikumbuka. Shangazi alipata haki yake, ila alikuwa ameaibika kuulizwa uzeeni kama kweli aliolewa.

Serikali nazo zilikuwa zikibadilika. Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Ndoa mwaka 1971, ikataka kila ndoa iandikishwe, ingawa ndoa haibatiliki kwa kukosa kuandikishwa tu. Oman ilitoa sheria yake ya ahwali shakhsia mwaka 1997. Nayo yataka ndoa iandikwe rasmi, japokuwa yaweza pia kuthibitishwa kwa ushahidi.

Sheria iliyotugusa zaidi ni ile ya 1993, iliyomtaka Muomani apate ruhusa kabla ya kuoana na mtu wa nje ya nchi za Ghuba. Ghafla binti wa mjomba aliyebaki Unguja akahesabika mgeni. Wako waliooa kule kimya kimya, na waliotaabika ni watoto, kwa makaratasi yaliyochelewa. Mwaka 2023 sharti la ruhusa liliondolewa, isipokuwa kwa wenye kazi ambazo sheria imezitenga. Hata hivyo ndoa ya nje bado yataka hati zake zithibitishwe.

Je, cheti kimeshika nafasi ya wazee? Kimeshika moja tu, ya ushahidi. Kazi nyingine mbili, kuulizia kabla ya ndoa na kusuluhisha baada yake, hakiwezi kuzifanya. Dini yetu imeagiza wapatanishi, mmoja kwa mume na mmoja kwa mke. Oman iliweka kamati za suluhu kwa sheria ya mwaka 2005, na ni jambo jema, lakini kamati huwaona wawili hao ugomvi umekwisha komaa. Zamani shangazi alijua tangu siku ya kwanza binti aliporudi nyumbani na sanduku. Leo wengi wetu twapata habari ya talaka kwa ujumbe wa simu.

Basi nasihi yangu ni hii. Wazee, kama ndoa yenu haikuandikwa, iandikisheni wakati mashahidi wangali hai. Vijana, siku ya milka hakikisheni mahari yaliyotangulizwa na yaliyobakizwa yameandikwa, na nakala ikae kwa mke pia. Kisha kila upande mtajieni maarusi mtu mzima mmoja watakayemwendea wakikwaruzana, naye aikubali kazi hiyo mbele ya watu, siku ile ile karatasi inapotiwa saini.

Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zetu. Amin.