Nyiramugengeri na Maji ya Bonde la Akanyaru

Nchi ya Rwanda haikujaliwa migodi ya makaa ya mawe kama ile ya Kiwira na Ngaka katika nchi jirani ya Tanzania. Lakini chini ya mabonde yake kumelala ndugu mdogo wa makaa hayo: udongo mweusi wa mboji ambao wananchi huuita nyiramugengeri. Ukichimbwa na kuanikwa hata ukakauka, huwaka. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni tani milioni 155 za mboji kavu katika eneo la hekta 50,000 hivi, na sehemu kubwa yake imo katika mabonde ya mito Akanyaru na Nyabarongo.

Si ajabu, basi, kwamba serikali iliutazama udongo huo kwa matumaini. Kituo cha Gishoma, wilayani Rusizi, kilijengwa kwa uwezo wa megawati 15. Kikafuatwa na kile kikubwa cha Mamba, wilayani Gisagara, kilichokusudiwa megawati 80. Viwanda, hospitali na shule vyahitaji umeme, na mwandishi wa makala haya si miongoni mwa wanaotamani kurudi kwenye koroboi.

Hata hivyo mkulima wa bondeni ana hoja yake, nayo haistahili kupuuzwa kwa kisingizio kwamba hakusoma. Kwake yeye bonde ndilo shamba la kiangazi. Mvua ikikatika mlimani, chini kungali na unyevu wa kuotesha viazi vitamu, mboga na mpunga. Pembezoni mwa bonde ndipo zilipo chemchemi ambako watoto huteka maji kabla ya kwenda shule. Anauliza: mitaro ikichimbwa na mboji ikakaushwa, chemchemi yangu itabaki?

Swali hilo lina msingi wa kisayansi. Mboji katika hali yake ya asili ni maji kwa sehemu kubwa, yapata tisa ya kumi ya uzito wake. Hunyonya mafuriko ya masika kama sifongo na kuyaachia polepole wakati wa kiangazi. Mitaro ikipitishwa humo, maji ya ardhini hushuka, ardhi hutitia, hewa hupenya, na mboji iliyojikusanya kwa maelfu ya miaka huanza kuoza na kutoa hewa ya ukaa hata kabla haijafika tanuruni.

Rwanda yenyewe imekwisha kulipa ada ya somo hili. Kinamasi cha Rugezi, kaskazini, hulisha ziwa Burera, na kati ya ziwa hilo na Ruhondo ndipo kilipo kituo cha umeme cha Ntaruka. Rugezi ilipokaushwa kwa ajili ya kilimo, na mvua nazo zikapungua, ziwa lilishuka. Kufikia mwaka 2004 umeme wa Ntaruka ulikuwa umepungua mno hata ikabidi taifa likodi mitambo ya dizeli kwa gharama kubwa. Serikali ikawaondoa wakulima kinamasini, hatua iliyowauma wengi waliokuwa hawana shamba jingine, na maji yakarudi. Mwaka 2005 Rugezi iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Mkazi wa Kigali asidhani kwamba haya ni ya watu wa mbali. Akanyaru humwaga maji yake katika Nyabarongo kabla mto huo haujafika Kanzenze, na hapo visima vilivyochimbwa kandokando ya mto huvuta maji ya ardhini kwa ajili ya jiji na wilaya ya Bugesera. Kiwanda hicho, kilichofunguliwa mwaka 2021, kilijengwa ili kisafishe lita milioni 40 kwa siku.

Katika shule ya makadeti tulifunzwa kwamba kikosi hukagua maji kabla ya kusimamisha hema la kwanza. Sheria ya mazingira ya mwaka 2018 yadai jambo linalofanana na hilo: tathmini kabla ya mradi. Tathmini hiyo isiishie katika makabati ya Kigali. Kila bonde litakaloguswa, chemchemi zake zihesabiwe na visima vyake vipimwe kina wakati wa kiangazi, kabla mtambo wa kwanza haujashuka; na hesabu hiyo ibandikwe kwenye ofisi ya kata, kwa Kinyarwanda, mahali ambapo mwenye ndoo anapita.