Lena, Daraja la Leseni na Mpaka wa Tunduma

Katika mikoa ya Iringa na Mbeya, kijana anayetaka kuwa dereva huanza kwa kukata leseni ya muda ya mwanafunzi, ambayo mitaani huitwa lena na ambayo katika mpangilio wa madaraja ya leseni za Tanzania hubeba herufi H. Hati hiyo, inayotolewa na Mamlaka ya Mapato kwa mtu aliyetimiza umri wa miaka 18, haimtambui mwenye nayo kuwa dereva, bali humruhusu kufundishwa akiwa barabarani, gari likiwa limebandikwa alama ya L na msimamizi mwenye leseni kamili akiwa ameketi kando yake. Kwa hiyo uhalali wa lena haumo katika hati peke yake, umo pia katika masharti yanayoambatana nayo, na msimamizi akishuka garini, kijana yuleyule mwenye hati ileile huwa anatenda kosa la usalama barabarani.

Swali la leseni kama hiyo kuvuka mipaka limejadiliwa sana Marekani, ambako kila jimbo hutunga sheria zake za udereva. Baada ya New Zealand kuanzisha mwaka 1987 utaratibu wa leseni za hatua, yaani leseni inayomwachia kijana uhuru kidogo kidogo kadiri anavyopata uzoefu, jimbo la Florida liliufuata mwaka 1996 na majimbo mengine yakaiga, kila moja kwa saa za usiku na idadi ya abiria ilizoona zinafaa, kiasi kwamba kijana mwenye leseni ndogo ya jimbo la New York haruhusiwi kuendesha ndani ya Jiji la New York lenyewe. Tanzania Bara haina tatizo la namna hiyo, kwa kuwa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, ni moja kwa mikoa yote, hata mkoa wa Njombe ulipomegwa kutoka Iringa mwaka 2012 na ule wa Songwe ukamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, hakuna kilichobadilika kwa dereva mwanafunzi anayetoka Mafinga kwenda Vwawa akiwa na msimamizi wake. Zanzibar pekee ndiyo yenye sheria yake ya barabara na leseni zake.

Lakini kinachoruhusiwa na sheria kinaweza kuwa kizito kuliko uwezo wa anayeruhusiwa. Barabara Kuu ya TANZAM, inayopitia kona za mlima Kitonga kabla ya kupanda Iringa na kuteremka tena Mbalizi baada ya jiji la Mbeya, hubeba malori ya shehena ya Zambia na Kongo pamoja na mabasi, bodaboda na watembea kwa miguu, na katika miteremko hiyo dereva wa lori hutakiwa kushuka kwa gia nzito badala ya kukanyaga breki mfululizo, kwa sababu breki zikipata joto kupita kiasi hupoteza nguvu ya kushika. Aliyejifunzia kwenye kiwanja cha mpira hana ujuzi huo, na sheria haimdai auonyeshe kabla ya kuingia barabara kuu na lena yake, jambo ambalo ni upungufu unaostahili kurekebishwa mapema.

Sheria yenyewe hubadilika pale Tunduma, ambapo mji umeshikana na Nakonde ya Zambia, na pale Kasumulu wilayani Kyela, ambapo mto Songwe hutenganisha Tanzania na Malawi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao ni kipimo cha kimataifa katika suala hili, unaeleza katika kifungu cha 41 kwamba wajibu wa nchi kutambua leseni za wenzao hauhusu leseni za wanafunzi, na kwamba nchi inaweza kukataa leseni ya mtu aliye chini ya miaka 18, na kwa magari makubwa, aliye chini ya miaka 21. Sababu yake inaeleweka: leseni kamili ni ushahidi wa mtihani uliofaulu, ilhali lena ni ruhusa ya kujiandaa kwa mtihani ambao bado haujafanywa, na nchi jirani haiwezi kutambua ujuzi ambao hata nchi iliyotoa hati haijauthibitisha.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, haiko kwa mwenye lena bali kwa utingo, yule kijana msaidizi wa dereva wa lori, ambaye hujifunza kazi kwa kutazama na ambaye, dereva akichoka, hukabidhiwa usukani akiwa na leseni ya daraja D, inayohusu magari madogo, wakati lori linahitaji daraja E. Huyo ana leseni halali mfukoni na kwa macho ya haraka ya mkaguzi anaonekana hana kosa, ingawa bima kubwa ya gari kwa kawaida huweka sharti kwamba anayeendesha awe na leseni ya gari la aina ile. Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya kuvuka mipaka ambayo Tanzania imeendelea kushiriki hata baada ya kujitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000, hulinda watu wengine wanaodhurika na gari, wala haimpi dereva daraja asilokuwa nalo. Lawama ya kwanza hapa ni ya dereva mkuu na ya tajiri anayepanga safari ndefu bila dereva wa pili, kwa kuwa kijana anayetegemea posho yao hana nguvu ya kukataa.

Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa Oktoba 2019, kiliharakisha kazi za forodha na uhamiaji, lakini daraja la leseni halionekani katika pasipoti wala katika hati za mzigo. Ukaguzi wa maana ungefanyika kabla ya hapo, kwenye mizani za Makambako na Mpemba ambako kila lori husimama, kwa kumtaka aliyeketi kwenye usukani aonyeshe herufi ya daraja lake. Ukaguzi huo unahitajika zaidi kwa malori yaendayo Lubumbashi, kwa sababu Zambia na Malawi huendesha upande wa kushoto kama Tanzania, ilhali Kongo huendesha upande wa kulia, na dereva wa lori lenye usukani wa kulia akitaka kulipita gari lililo mbele yake kule, haoni barabara inayokuja mpaka kichwa cha lori kiwe kimeshatokeza upande wa pili.